Masika Niliyoikalia Kamba

Machi 2, Jumatatu

Mvua ya kwanza ya masika imenikuta gatini na andazi mkononi. Andazi limekunywa maji kunishinda.

Naandika kwa sababu tangu nimzike mke wangu Paskazia sina wa kumsimulia mambo ya siku. Rose, mwanangu ninayekaa kwake hapa Pasiansi, Mwanza, nikifungua tu mdomo anaongeza sauti ya redio. Shule niliishia darasa la nne, ng'ombe wa baba wakanihitaji kuliko mwalimu. Herufi zangu zikienda upande, ni kwato hizo.

Kazi yangu ni kupokea kamba kwenye gati la Mahesh, mfanyabiashara wa saruji na sukari. Meli yake ikija, mabaharia wanarusha kamba, mimi naivisha kwenye nguzo ya chuma. Ikiondoka, naivua. Hata mbuzi angeiweza kazi hiyo kama angekuwa na mikono. Lakini mimi Luhende nikiwa nimekaa juu ya nguzo yangu, watu wote wa gati wanageuza shingo kunisikiliza, na mbuzi hapati hiyo.

Machi 4, Jumatano

Nahodha mpya amefika. Mwanamume wa makamo, mwembamba, viatu vinang'aa kama vya askari wa paredi. Anaitwa Kondo, anatoka Kisarawe.

Nikamuuliza, "Mzaramo?"

"Mzaramo."

"Loo! Mahesh kakosa watu mpaka kaleta mpiga ngoma aendeshe meli!"

Akanitazama juu mpaka chini. "Na wewe miguu hiyo ni ya Kisukuma. Michembe yenu ya viazi imeshukia kwenye vigimbi."

Gati zima likacheka. Nimempenda palepale. Wasukuma na Wazaramo ni watani tangu mababu zetu walipokuwa wakibeba mizigo kwa miguu kwenda pwani. Mtani anakutukana mbele ya wakwe zako, anakunyang'anya kofia na kuizuia mpaka uikomboe, na wewe huna ruhusa ya kununa. Atakayekasirika ndiye aliyekosea. Desturi tamu hiyo, hasa kwa mzee asiye na kazi nyingi.

Mke wake Sabina ni Mkerewe. Kanipa uji wa kufuturu japo mimi si Mwislamu wala sijafunga. Nimeunywa wote.

Machi 7, Jumamosi

Mvua. Dagaa wa Odeta, mchuuzi wa hapa gatini, wameloa, anagombana na mbingu.

Machi 10, Jumanne

Redio ilitoa tahadhari ya upepo mkali ziwani. Kila nahodha akakaza kamba zake. Kondo peke yake akawasha injini.

Nikamwambia, "Mtani, ng'ombe ukisikia radi unawapeleka mbugani au unawarudisha zizini?"

"Zizini."

"Sasa mbona wewe unamtoa Bhumika zizini?" Bhumika ni jina la meli. Mahesh kaipa jina la binti yake.

Kondo akanishika bega, akanisogeza mpaka ukingoni. "Ng'ombe akiwa zizini, zizi halimpigi. Meli ikifungwa gatini, gati ndilo linaloipiga. Tazama ziwa lilivyojaa. Naambiwa miaka ya nyuma ukingo huu ulikuwa juu, meli ikiegemea ubavu mzima. Leo maji yanalamba saruji. Haya matairi tumetundika ubavu usigonge, lakini wimbi likiinyanyua meli itayapita matairi, itashukia juu ya ukingo. Ni kama kumkalisha mtu juu ya shoka. Kule kwenye kina naelekeza pua kwenye upepo, naacha injini inaunguruma, tunarushwarushwa na kutapika mpaka ipite. Maji ya kina hayana kona, mzee."

Nimeelewa. Naandika hapa kwamba nimeelewa, maana ukingo ule naukalia kila siku na mvua hizi nimeuona ukimezwa kidogo kidogo. Lakini Odeta na wachuuzi wenzake wa samaki walikuwa wamesimama wanasubiri nitajibu nini. Nikasema, "Sema tu umeogopa!"

"Kwa mwoga huenda kicheko," akajibu.

"Si ndicho tulichokuletea? Kipokee!"

Odeta alicheka mpaka kanga ikamdondoka.

Machi 11, Jumatano

Upepo haukuja. Kondo karudi asubuhi macho mekundu, mabaharia wake wananuka matapishi ya bure. Nimempokea kamba huku nikimpigia saluti. Nimemuuliza kama upepo aliukuta nyumbani au ulikuwa umetoka.

Machi 20, Ijumaa

Sikukuu ya Idi. Pilau kwa Kondo. Nimeibeba na sufuria nikaondoka nayo, utani. Sabina kanifuata hadi njiani anacheka, kakomboa sufuria kwa kuniongezea nyama. Kondo alipiga kelele kutoka barazani, "Mwachie, hajawahi kuona wali!"

Machi 26, Alhamisi

Tahadhari tena, Kondo katoka tena, upepo haukutokea tena. Leo nimetunga wimbo. Nimewafundisha wanawake wa samaki, wakaupokea kwa makofi meli ilipokuwa inaingia:

Kondo kaukimbia upepo,
upepo wenyewe umelala.
Kamkuta samaki majini
kamuuliza: Umeuona?

Kondo alicheza mdundo wake pale juu ya sitaha, kiuno kikizunguka kweli kweli. Mzaramo hawezi kuzuia kiuno.

Ila Paulo, baharia wake, aliniambia pembeni, "Babu, upepo wa kweli utakuja siku moja."

Nikamwambia, "Ukija utamkuta Kondo keshaondoka." Naye akacheka. Hakuna aliyebaki bila kucheka. Nilijiona mtu mkubwa sana.

Aprili 1, Jumatano

Goti linauma. Mvua.

Aprili 5, Pasaka

Nimekula kuku, kwa ufizi. Hakuna zaidi.

Aprili 11, Jumamosi

Wimbo umetembea. Kuna mtu alinipiga video nikiuimba juu ya nguzo, sasa uko kwenye simu za watu. Rose kaniletea habari kwamba vijana wa bodaboda huku Pasiansi wanauimba. Nilitaka kujifanya sijali, lakini nilimwomba auwashe mara mbili.

Jioni nimepita kwa Kondo nikitegemea chai. Sabina kanipokea vizuri, ila hakukaa kuzungumza. Mwisho akasema, "Babu, leo nilikwenda kununua nyanya. Muuza nyanya akaniuliza kama mimi ndiye mke wa yule anayekimbia."

Nikamjibu, "Ungemwambia ndiyo, na akikimbia hukimbilia kwako!"

Akatabasamu. Tabasamu la kumstahi mtu mzima. Nililiona hilo, nikamalizia chai.

Aprili 14, Jumanne

Mahesh kaja gatini na gari lake, kamwita Kondo. Nilisogeza masikio. "Kapteni, wateja wangu wananiimbia kwenye simu," alisema. "Ninapiga kuuliza habari ya saruji, mtu ananiimbia. Tafadhali." Hakusema zaidi ya hapo. Kondo alisema, "Nimekusikia, bosi."

Alipopita kwangu nikamrushia, "Mtani, umepewa cheo?" Alinipungia mkono tu, hakurudisha. Nikajua ana njaa.

Aprili 18, Jumamosi

Siku nzuri kweli. Naandika tumbo bado linauma kwa kucheka.

Asubuhi redio ikasema kuna kimbunga baharini, huko pwani ya kwao Kondo, na kwamba kitavuta upepo hadi ziwa letu. Watu wakatazama juu: mbingu bluu, mwewe wanaelea. Mchana Kondo akaanza kuwasha injini. Revocatus, nahodha wa Sengerema ambaye mashua yake kubwa hulala gati la pili, alikuja wakanong'ona, naye akaenda kuwasha ya kwake.

Kondo akaniita, "Mtani, vua kamba."

Nikaikalia.

Niliizungusha kamba kiunoni mwangu kama shanga, nikakalia nguzo, nikasema, "Kamba imekamatwa. Desturi! Leta jogoo uikomboe."

"Nitaleta kesho, mtani. Vua."

"Kesho ya Mzaramo? Jogoo leo, mwekundu, anayewika."

Watu wakaja mbio. Simu zikainuliwa. Nikasimama na kamba yangu, nikapaza sauti: "Jamani, nisaidieni! Kimbunga kiko Dar es Salaam, kwao kabisa, mama yake yuko huko hajakimbia, anakaanga vitumbua! Huyu yuko Mwanza, huku juu, anakikimbia!"

Mungu wangu, walivyocheka! Odeta alikaa chini. Makuli walitua magunia. Wimbo ukaanza wenyewe, mimi sikuuanzisha. Kondo alisimama pale juu, mkono kwenye mlango wa chumba cha usukani. Akasema jambo, halikusikika. Akasema tena, "Mzee, nakuomba." Nikafanya sikio langu kama kiziwi, wakazidi kucheka.

Mashua ya Revocatus ikatoka, hakuna aliyeitazama. Yeye si mtani wa mtu, nani amshikie kamba?

Mwishowe Kondo aliingia ndani, injini ikazimwa. Akatoka akisema, "Haya, mmeshinda. Nitalala hapahapa." Nikamwambia jogoo bado ninamdai.

Aprili 20, Jumatatu

Jana sikuweza kushika kalamu.

Upepo ulikuja asubuhi, Rose akijifunga kitambaa aende misa ya kwanza. Kwanza kukawa kimya, kuku wakaingia wenyewe ndani. Halafu bati la jirani likaondoka lote kama mtu aliyeitwa. Upepo ulitoka magharibi, ng'ambo ya ghuba, na maji yakaja nyuma yake yamesimama.

Nilikimbia. Mtu wa umri wangu kukimbia ni kichekesho, lakini njiani hapakuwa na wa kucheka.

Gati sikuliona. Palikuwa na maji tu, na Bhumika anapanda na kushuka mahali gati lilipotakiwa kuwa. Akipanda, matairi yanabaki chini yananing'inia. Akishuka, ubavu wake unatua juu ya ukingo. Sauti yake ni kama mlango wa ghala unaofungwa kwa hasira, tena na tena. Ilikuwa vilevile Kondo alivyonionyesha. Hata neno moja halikubadilika.

Kondo alikuwa juu ya sitaha akipiga kelele, "Kamba! Ivue kamba!"

Nikafika kwenye nguzo yangu, maji yananifika magotini. Kamba ilikuwa imekaza mpaka imejichimbia kwenye chuma. Kitanzi nilichokivisha na kukivua tangu nilipoacha kuwa mpishi wa stima, sikuweza hata kukitikisa. Nilivuta mpaka kucha zikatoka damu. Paulo aliruka na panga, akaanza kuikata. Alikata akilia, haikukatika.

Kondo naye akashuka. Alikuwa na tairi la lori, anataka kulilaza juu ya ukingo pale ubavu unapotua, ili chuma kipate mto. Nilimwona amepiga magoti, anasukuma tairi kwa mabega. Nilimwita. Sijui nilimwita jina gani. Meli ikapanda, ikakaa juu kidogo kama inayofikiri, ikashuka.

Mfupa sikuusikia. Upepo ulikuwa na kelele zote kwa ajili yake.

Ilipopanda tena tukamvuta, Paulo mabega, mimi nguo. Wanawake wa samaki walikuwa wamefika, waliacha misa. Odeta aling'oa chanja cha kuanikia dagaa, tukamlaza Kondo juu yake, tukambeba kama kitanda mpaka barabarani. Mguu wa kushoto, kuanzia chini ya goti, haukuwa mguu tena. Alikuwa na fahamu. Njia nzima aliuliza, "Vijana wametoka? Wote wametoka?" Walikuwa wametoka.

Bhumika aliendelea kujipiga hadi ubavu ukafunguka. Akanywa maji, akalala palepale alipofungwa. Leo kinaonekana chumba cha usukani tu.

Sasa niandike hili lingine, maana nikiliacha nitakuwa nimeandika uongo wote.

Upepo ulipotulia, watu walisimama ufukweni kuisubiri mashua ya Revocatus. Wake za mabaharia wake walikaa kwenye mawe, mashuka vichwani. Nami nilisimama nao, nikiomba. Mdomo wangu uliomba kama midomo mingine. Lakini moyoni nilikuwa nataka isionekane. Nilitaka izame. Izame na watu wake, ili kesho mtu aseme, "Luhende alimwokoa Kondo kwa kukalia ile kamba, angetoka angekufa." Hicho ndicho nilichokuwa nakisubiri katikati ya wanawake wale.

Mchana ikaonekana. Ikaja polepole, imepoteza turubai na mitungi, watu wote juu wakipunga mikono. Wanawake walipiga vigelegele. Mmoja wao alinikumbatia, akidhani machozi yangu ni ya furaha.

Aprili 21, Jumanne

Sikwenda kazini. Hakuna meli ya kufunga.

Aprili 24, Ijumaa

Hospitali. Mguu wamekwisha kuukata.

Nilikaa kwenye korido muda mrefu nikitafuta maneno. Sabina alinikuta, akaniingiza. Nilitegemea atanifukuza, nilitaka anifukuze. Akanipa kiti.

Kondo akafumbua macho. "Ooh, mla michembe. Jogoo sijampata, ila kuna robo ya mguu huko jikoni kwao, waulize."

Sabina akatoka nje.

Mtani akikurushia, unarudisha. Ndiyo desturi, hata msibani. Jibu lilinijia palepale, na lilikuwa zuri, aibu iliyoje, lilikuwa zuri kabisa. Nikalimeza. Nikafungua mdomo nimwombe radhi, nikakuta siwezi nalo hilo, kwa sababu kwa mtani hakuna radhi. Utamwombaje mtu radhi kwa jambo ambalo desturi inasema si kosa? Nikakohoa tu, nikamrekebishia shuka.

"Umekabwa na nini?" akauliza.

"Kikohozi."

"Kunywa dawa."

Nikaondoka nikijisemea, afadhali, hana kinyongo. Nimetembea mpaka nyumbani na huo uafadhali. Haukufika mbali.

Aprili 29, Jumatano

Mvua tangu asubuhi. Vijana wa bodaboda wameacha kuuimba wimbo, ila jana nilimsikia mtu akiupiga mluzi bila kujua anachopiga. Nilivuka barabara.

Mei 6, Jumatano

Mkaguzi wa vyombo vya majini amekuja kusikiliza maelezo. Tulikaa ghalani kwa Mahesh, juu ya magunia ya saruji. Mkaguzi ni mpole, mwenye miwani. Alisema Kondo amekwisha kuhojiwa hospitalini, akatusomea jibu lake. Aliulizwa: kwa nini hukuitoa meli wakati ulikuwa na tahadhari, na ulikwisha kuitoa mara zilizopita? Akajibu: Uamuzi ulikuwa wangu.

Basi. Hakuna kamba, hakuna Luhende, hakuna jogoo. Uamuzi ulikuwa wangu.

Mkaguzi akauliza kama kuna mwenye la kuongeza. Nikainuka.

"Mimi ndiye niliyemzuia," nikasema. "Niliikalia kamba. Nilidai jogoo."

Mtu mmoja nyuma akaguna kicheko. Mwingine akafuata.

"Mzee, tafadhali," mkaguzi akasema, "hapa si mahali pa utani."

"Si utani. Nilimwambia sitamwachia mpaka alete jogoo mwekundu."

Ghala likapasuka. Watu ambao tangu ajali hawajacheka, walicheka kama waliofunguliwa. Odeta alifuta machozi. Mahesh akasema, "Luhende bana, keti chini." Hata mkaguzi aliweka mkono mdomoni, miwani ikatikisika.

"Naapa kwa kaburi la mke wangu! Kondo aliniambia kabisa, ukingo utaipiga meli, nami nilielewa!"

"Anayo mpya kila siku huyu babu," kuli mmoja akasema. Nadhani alisema kwa upendo.

Paulo peke yake hakucheka. Alikuwa anatazama sakafu, na mimi nilimwomba kwa macho asimame aseme kweli. Lakini kijana huyu naye alikuwa amecheka ile Jumamosi, wote walikuwa wamecheka, na mtu anayesimama kunitia mimi hatiani anajitia na yeye mwenyewe. Nikakaa. Gunia lilikuwa gumu.

Mwisho mkaguzi alisema cheti cha unahodha cha Kondo kitazuiwa, kwa kupuuza tahadhari. Kondo! Mtu pekee aliyeisikiliza redio ile.

Mei 9, Jumamosi

Rose kaniuliza kama ninaumwa. Kazima redio ili nimjibu. Nikamwomba aiwashe tena.

Mei 16, Jumamosi

Kondo na Sabina wamehama. Wanakwenda Kisarawe kwa mama yake.

Nimefika asubuhi, bajaji imekwisha kuja, mabegi yapo nje. Kondo alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki barazani, magongo yameegemea ukuta. Aliponiona akapaza sauti, ili na majirani wasikie:

"Umekuja kukamata nini leo, mtani? Kiatu cha kushoto? Chukua, hicho sitakikomboa."

Majirani wakacheka kwa woga woga. Alikuwa amenitupia kwa ukarimu wote, ili niondoke pale nikiwa mtani na si kitu kingine. Ilikuwa zamu yangu tu.

Nikapiga magoti. Mzee mzima, mbele ya mtu wa umri wa mwanangu.

"Kondo, mwanangu, nisamehe."

"Umeanza. Amka, unachafua suruali."

"Sitanii. Siku ile uliponionyesha ukingo, nilielewa. Nilijua ni kweli. Ile Jumamosi nilijua ni kweli, kamba ikiwa kiunoni mwangu. Watu walikuwa wanacheka, sikutaka waache."

Sabina aliweka chini begi alilokuwa amebeba.

Kondo akasema taratibu, "Ulielewa."

"Nilielewa."

"Mimi nilijua huelewi." Alikuwa anatazama mahali mguu unapoishia. "Hospitalini nilikuwa nalala hivi: nilijiambia, ni mzee, hajasoma, na ni mtani, mtani hana kosa, mimi ndiye nahodha, ningeshuka nikamsukuma. Nikijiambia hivyo usingizi unakuja. Sasa umekuja kuniambia ulielewa. Ili upate nini, mzee? Ili wewe ulale?"

Sikuwa na jibu. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu, halikuja hata baya.

Akachukua magongo, akasimama mwenyewe, akakataa mkono wangu na wa dereva. Akaingia kwenye bajaji. Alipokaa vizuri, akanigeukia, akainamisha kichwa kama kijana aliyelelewa vema anayemkuta mtu mzima asiyemjua njiani.

"Shikamoo, mzee," akasema.

Tangu alipofika Mwanza hakuwahi kuniamkia hivyo. Watani hatuamkiani.

Nikasema marahaba. Ningefanyaje? Bajaji ikaondoka.

Mei 17, Jumapili

Jua.

Mei 25, Jumatatu

Masika yamekwisha, ziwa limelala kama ng'ombe aliyeshiba. Mahesh kaleta mafundi kuikata Bhumika vipande.

Nilikwenda gatini kutazama. Odeta na wenzake walinizunguka. "Babu, siku hizi mbona hutuchekeshi? Gati limekuwa msiba."

Nikawaambia jino linaniuma.

Wakanitazama mdomoni. Kisha wakakumbuka kwamba sina jino hata moja, wakacheka, wakacheka mpaka wakashikana mabega, nami nimesimama katikati yao nikisubiri wamalize.